Kitambulisho cha NIDA hakivushi mpaka

Wiki hii nimeulizwa tena, mara hii na kijana aliyehitimu Chuo cha Ualimu Kinampanda, hapa kwetu Iramba. Yeye na wenzake watatu wamepanga kubeba mabegi mgongoni, wapande basi hadi Mwanza, wavuke Mutukula kwenda Kampala, washuke Kigali, warudi nyumbani kupitia Rusumo. Akaniuliza: "Mzee, viza ya Afrika Mashariki tunailipia wapi, au NIDA zetu zinatosha?" Nimelijibu swali hili miaka nenda rudi. Leo naliandika.

Viza kwanza, maana jibu lake ni fupi. Mtanzania haombi viza kuingia Uganda, Rwanda, Kenya wala Burundi. Mpakani hupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita, bure. Ile viza moja ya dola 100 iliyoanza mwaka 2014 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, kwa wageni wa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kishoka anayekudai hela akutafutie hiyo anakuibia.

Sasa NIDA. Uvumi kwamba inatosha kuvukia mpaka una chanzo chake. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutekeleza makubaliano ya raia wake kuvuka kwa vitambulisho vya taifa. Kijana wetu anamwona Mkenya akipita Busia na kadi mkononi, anahitimisha kwamba Afrika Mashariki nzima iko hivyo. Haiko hivyo! Tanzania haikuingia kwenye makubaliano hayo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaziachia nchi zinazotaka kutumia vitambulisho zikubaliane zenyewe. Kuwa mwanachama wa Jumuiya peke yake hakuigeuzi kadi yako kuwa hati ya kusafiria.

Wengine hunibishia: mbona malori yenye namba za Rwanda na Burundi yanapanda mlima Sekenke kila siku? Yanapanda, na dereva ana pasipoti yake. Wengine husema siku hizi mpakani kuna kituo cha pamoja, hakuna ukaguzi. Kituo cha pamoja maana yake maafisa wa nchi mbili wamekaa jengo moja ili usisimamishwe mara mbili. Pale Mutukula, dirisha la kwanza afisa wa Tanzania anakugongea muhuri wa kutoka. Dirisha linalofuata afisa wa Uganda anakugongea wa kuingia na kuonyesha siku ulizopewa. Kadi ya NIDA haina ukurasa wa kugongwa muhuri. Barua ya mtendaji wa kijiji nayo haikuvushi.

Hapo ndipo anapotokea mtu wa bodaboda na kukwambia anaijua njia ya panya. Nawasihi, msipande. Nilimshughulikia kijana mmoja wa huku aliyevushwa hivyo kwa kadi yake ya NIDA. Siku ya kurudi akaamua kupita njia halali. Afisa akatafuta muhuri wa kuingia, hakuuona. Kijana alilala mahabusu, akafikishwa mahakamani, na faini ikala akiba yake yote. Kosa lake lilikuwa kumwamini rafiki aliyemwambia "sisi ni Afrika Mashariki".

Ya kufanya ni haya. Jaza fomu ya pasipoti kwenye tovuti ya Uhamiaji, ulipe kwa namba ya malipo utakayopewa, kisha upeleke nyaraka zako ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Singida mjini: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, uthibitisho wa uraia wa mzazi na picha. Tangu pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018, ada ni shilingi 150,000, yaani 20,000 ya fomu na 130,000 ya kitabu, na inadumu miaka 10. Hiyo hiyo ndiyo pasipoti ya Afrika Mashariki. Jina la Jumuiya liko kwenye jalada. Ukikwama kwa muda, uliza kuhusu Hati ya Dharura ya Safari, na uhakikishe inakubalika nchi zote unazopita. Chanja homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kuondoka na uitunze kadi yake; tangu 2016 chanjo moja ni ya maisha. Mkigeukia kusini, Zambia, Malawi na Msumbiji hazimdai Mtanzania viza, lakini pasipoti zinaitaka. Ethiopia haimo kwenye Jumuiya: ulizia viza yake kabla hujatoka nyumbani. Na kama pasipoti imebakiza chini ya miezi sita, ibadilishe kwanza.

Wanangu, tembeeni, nchi za jirani ni nzuri na watu wake ni ndugu zetu. Lakini tiketi ya basi msikate kabla pasipoti haijafika mkononi.