Ajali Ina Kinga

Mtu asimamaye Newala, pale ukingoni mwa uwanda panapoitwa Shimo la Mungu, huiona nchi ya pili kwa macho yake. Ardhi yaporomoka ghafla mbele ya miguu yake, bonde lafunguka, mto Ruvuma wang'aa kwa mbali, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Kwa jicho, ni karibu mno. Kwa gari, ni safari nyingine kabisa: sharti ateremke uwanda mpaka Masasi, ashike njia ya Mangaka, kisha ageuke kuelekea Mtambaswala, ambako Daraja la Umoja lauvuka mto kwa urefu wa mita 720.

Njia hiyo hupitwa kila siku na watu wenye haja za kweli. Wamakonde wapo pande zote mbili za mto, na ndoa, misiba na unyago havikuulizwa mpaka ulipopigwa. Kuna wenye biashara, kuna wagonjwa, kuna wazee waendao kuwaona ndugu. Wengi wao hawana gari. Hukodi. Na juu ya gari hilo la kukodi twapenda kusema maneno machache leo, maana yatugusa sisi wenyewe.

Mwaka mmoja, katika miezi ya mvua, tulipata habari ya msiba wa ndugu yetu aliyekuwa akiishi ng'ambo. Tukachanga fedha, watu sita, tukakodi gari pale Newala. Tulibishana bei kwa muda mrefu, na tulipoipunguza karibu nusu tulijiona werevu. Hapana hata mmoja wetu aliyeinama kutazama magurudumu. Hapana aliyeuliza habari za breki. Tulipakia mizigo, tukaondoka.

Tulipoanza kuteremka ukingo wa uwanda, dereva alitoa gia ili gari lishuke kwa uzito wake na mafuta yasitumike. Mwanzo ilikuwa raha. Punde tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Dereva alikanyaga breki mara kwa mara, kila mara kwa nguvu zaidi, na kona zilizidi kutujia upesi. Tulikuwa mle wanaume wanne tuliosoma, wenye vyeo vyetu, na wote tulinyamaza. Tuliona haya kumwambia dereva kazi yake. Aliyesema ni bibi mmoja aliyeketi nyuma na kapu lake mapajani. Alisema kwa upole, "Mwanangu, simamisha gari nishuke. Mimi nakwenda kuzika, sikuja kuzikwa."

Dereva alicheka, kisha akaacha kucheka. Akarudisha gia ndogo, injini ikalia na kulizuia gari, tukasimama kwenye tambarare. Huko Masasi fundi aliyafungua magurudumu mbele yetu. Breki za mbele zilikuwa zimelika mpaka chuma, mafuta ya breki yamepungua, na gurudumu moja lilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tulipata gari jingine, lakini tulipofika Mtambaswala ilionekana kwamba mwenye gari hakutoa barua ya kuruhusu gari lake livuke mpaka. Gari likabaki upande huu. Sisi tukavuka na kutafuta usafiri upande wa pili. Tulifika siku iliyofuata, kaburi limekwisha kufunikwa.

Tuliporudi nyumbani watu walitupa pole, wakasema neno lile lisemwalo siku zote katika nchi yetu: ajali haina kinga. Tumelitafakari sana neno hilo. Ni neno la faraja, na kwa mfiwa ni la huruma. Walakini likitangulia safari, badala ya kuifuata, huwa ni ruhusa ya uzembe. Ile harufu ya breki ilikuwa na kinga. Gurudumu lile lilikuwa na kinga. Ile barua ilikuwa na kinga, nayo ni karatasi moja na kalamu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani katika mwaka 2021. Hatuwezi kuamini kwamba watu wote hao walikosa kinga.

Basi kinga ni nini? Kwanza, ni kulitazama gari kabla ya kulilipia, tena wakati wa mchana. Tazama kibao cha namba. Gari la biashara hapa Tanzania hubeba kibao cheupe, na gari la mtu binafsi kibao cha manjano. Gari la kibao cha manjano likibeba abiria wa kulipa, bima yake huenda isiwalipe wakiumia, kwa sababu ilikatwa kwa matumizi mengine. Tofauti ya bei uliyoiona asubuhi waweza kuilipa hospitalini jioni.

Kisha tazama magurudumu. Ubavuni mwa kila gurudumu pana tarakimu nne zilizofungiwa pamoja: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Ukiona 2314, ujue lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2014. Mpira huzeeka hata kama haukutumika, na jua la kwetu huukausha ukapasuka. Gurudumu laweza kuwa na meno mazuri na bado likawa mzee wa kufa. Mwombe dereva akanyage breki mbele yako: ikizama mpaka chini, au ikihitaji kukanyagwa mara mbili ndipo ishike, gari hilo si la kuteremkia Newala. Taa zote ziwake. Gurudumu la akiba liwe na upepo, na jeki iwepo. Mikanda iwepo na ifungike, hata ya viti vya nyuma, maana mkanda uliofungwa waweza kupunguza hatari ya kufa kwa mtu wa kiti cha mbele kwa karibu nusu. Na uchukue maji, ya kunywa na ya injini pia. Uwanda wa Makonde haujapata kusifiwa kwa wingi wa maji, na gari lililochemka porini halimsubiri mtu achote kisima.

Pili, kinga ni karatasi. Avukaye mpaka na gari la kukodi sharti awe na kadi ya gari, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili, leseni ya dereva isiyopitwa na muda, na kibali cha forodha cha kuliingiza gari kwa muda. Bima nayo ina mpaka. Wengi huijua Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo husaidia kwa safari za Kenya, Uganda, Malawi na Zambia. Msumbiji haumo katika mpango huo. Bima ya mtu wa tatu hununuliwa huko huko. Tena sheria ya Msumbiji yadai pembetatu mbili za kuonya, na fulana ya kung'aa ya kuvaa mtu akishuka barabarani gari likiharibika. Haya yote ni mambo madogo yakiwa Masasi mjini. Yakiwa mpakani saa kumi na moja jioni, ni makubwa.

Tatu, kinga ni kuijua njia ya wenyewe. Msafiri wa Msumbiji ana bahati moja: huko nako huendeshwa kushoto kama kwetu. Ureno ilihamia kulia mwaka 1928, lakini Msumbiji ikabaki kushoto, kwa kuwa ilizungukwa na nchi za kushoto. Avukaye Rusumo kwenda Rwanda, au Kabanga kwenda Burundi, hana bahati hiyo. Humlazimu kubadili upande, na hatari kubwa haiko pale mpakani, ambapo kila mtu amekumbuka, bali ni asubuhi ya pili, atokapo uani pa nyumba ya wageni akiwa na usingizi, barabara ikiwa tupu. Hapo mkono hurudia mazoea yake. Kwa Msumbiji kinachobadilika ni lugha. Maneno machache ya Kireno huokoa maisha: *devagar* ni polepole, *perigo* ni hatari, *desvio* ni njia ya mchepuko. Dereva asiyeyajua hayo na ayaandike kwenye karatasi aibandike mbele yake.

Na kabla ya yote, na aulize habari za usalama. Mkoa wa Cabo Delgado umepata mashambulizi yaliyoanza Oktoba 2017, na hali ya barabara moja yaweza kubadilika katika juma moja. Waulize polisi na maofisa wa uhamiaji kabla ya kuondoka, si baada ya kufika. Wakisema usiende, usiende. Kuuliza si ujinga.

Nne, kinga ni mwendo. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 katika kila sekunde moja. Dereva aonapo mbuzi, akili yake huchukua kiasi cha sekunde moja kabla mguu haujagusa breki. Mita 28 zimekwisha pita bure. Aendaye kilomita 50 hupita mita 14 tu. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Hiyo ni hesabu, haina upendeleo kwa dereva hodari. Katika mteremko gia itangulie: shika gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini ilizuie gari na breki zibaki baridi kwa siku ya haja. Na safari ya usiku iepukwe kadiri iwezekanavyo. Barabara za kusini usiku zina waendesha baiskeli wasio na taa, zina mifugo iliyolala juu ya lami kufuata joto, na wakati wa msimu wa korosho zina malori yaliyoharibika yakiwa yamesimama katikati ya giza. Uonapo matawi ya miti yametandazwa njiani, punguza mwendo, mbele pana gari bovu. Na wewe uliyeweka matawi, ukiondoka yaondoe, pamoja na mawe uliyozuilia magurudumu, yasije yakamuua atakayefuata.

Mpaka hapa huenda msomaji akasema kwamba lawama yote tumewatupia madereva na wenye magari. Sivyo. Dereva naye ni mfanyakazi. Wengi wao hawana mshahara wa mwezi. Hupeleka hesabu kwa mwenye gari, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Mtu wa namna hiyo akitoa gia mteremkoni, anaokoa lita ya mafuta ili mtoto apate daftari. Akisafiri usiku kucha bila kulala, ni kwa sababu asubuhi kuna abiria mwingine anayengoja. Sisi abiria tunapoikata bei mpaka mwenye gari asibakiwe na fedha ya kununua breki, hatukupata urahisi wowote. Tumenunua ajali kwa bei nafuu. Bei ya haki ni sehemu ya usalama, na vivyo hivyo saa za kupumzika. Mkodishaji na amlaze dereva wake mahali pazuri na kumlisha, kama anavyojilaza na kujilisha mwenyewe.

Lakini haki huenda pamoja na wajibu. Mwenye gari anayekodisha gari bovu akijua ni bovu hafanyi biashara. Anacheza kamari kwa roho za watu. Na abiria aliyenyamaza ndani ya gari linalokimbia ovyo ameshiriki. Twasema hivi kwa sababu tulinyamaza sisi. Tulijua kusoma na kuandika, tulijua sheria, na bado ilimpasa bibi mwenye kapu kutukumbusha kwamba kusema si utovu wa adabu. Heshima kwa dereva haimaanishi kumwachia roho zetu. Neno moja la upole, "Ndugu, punguza kidogo," halijapata kumvunjia mtu heshima yake.

Daraja la Umoja halikushuka kutoka mbinguni. Wazo lake lilikuwapo tangu siku za Mwalimu Nyerere na Samora Machel, baada ya Msumbiji kupata uhuru wake mwaka 1975, na lilichukua miaka mingi kugeuka kuwa saruji na chuma. Lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na Rais Jakaya Kikwete na Rais Armando Guebuza. Walilijenga ili ndugu wa ukingo huu wawafikie ndugu wa ukingo ule. Itakuwa aibu yetu, si aibu ya daraja, kama watu watakufa kwenye mteremko wa Newala kabla hawajaliona, kwa sababu ya breki ambayo fundi wa Masasi angeibadili kwa saa moja.

Basi ndugu msomaji, siku utakayokodi gari, inama. Tazama gurudumu, soma tarakimu zake, uliza karatasi, funga mkanda. Na gari likianza kukimbia kuliko busara, fungua kinywa. Ukifika salama, watu watasema ulikuwa na bahati. Waache waseme. Wewe utajua kwamba ulikuwa na kinga.