Dodoso Lipi kwa Mgonjwa wa Moyo?

Kipimo cha eko kinamwambia daktari moyo unasukuma damu kiasi gani. Hakimwambii kwamba mgonjwa analala kwa mito mitatu, wala kwamba ameacha kwenda sokoni kwa kuwa kilima kinamkata pumzi. Hayo huulizwa kwa dodoso, na madodoso yapo mengi kuliko fedha za kliniki au za mwanafunzi wa utafiti.

Tuanze na ya bure. EQ-5D ina maswali 5: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kisha mgonjwa anaonyesha hali ya afya yake kwenye mizani ya 0 hadi 100. Kwa kazi isiyo ya biashara unajisajili tu. Wachumi wa afya wanaipenda kwa sababu inawawezesha kulinganisha moyo na kisukari au goti. Lakini kwa sababu hiyohiyo haiulizi lolote kuhusu miguu kuvimba. RAND-36 nayo ni bure, ila maswali 36 kwa mtu aliyechoshwa na foleni ni adhabu.

Kwa moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, ushindani ni wa mawili. Dodoso la Minnesota lina maswali 21 kuhusu mwezi uliopita, na alama zake ni 0 hadi 105. KCCQ ya Kansas City ina maswali 23 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 100, na lipo toleo fupi la maswali 12. Angalia usichanganye: Minnesota alama zikipanda mgonjwa amezidiwa, KCCQ zikipanda amepata nafuu. Yote mawili yana wenyewe. Leseni huombwa, na ada hutegemea matumizi. (Mwenye kubanwa kifua atafutiwe la Seattle, maswali 19.)

Mimi naegemea KCCQ fupi. Hujazwa kwa dakika chache, na tofauti ya alama 5 huhesabiwa kuwa badiliko ambalo mgonjwa mwenyewe analihisi. Hata hivyo Minnesota ina swali moja la maana sana kwetu: je, ugonjwa umekugharimu fedha za matibabu? Anayejinunulia dawa za kukojoza maji kila mwezi ana jibu refu.

Leseni si gharama kubwa kuliko zote. Tafsiri ndiyo inayokula fedha: watafsiri wawili, kurudisha maneno kwenye lugha ya awali, kuyajaribu kwa wagonjwa. Ongeza muda wa muuguzi wa kumsomea asiyejua kusoma.

Kliniki ya moyo ichukue KCCQ ya maswali 12, na suala la gharama iliulize pembeni bila kulijumlisha kwenye alama. Mwanafunzi asiye na ufadhili achukue EQ-5D. Kabla ya kuchapa hata nakala moja, mwandikie mwenye hakimiliki umwulize kama tafsiri ya Kiswahili iko tayari.