Chura Haiti Mvua, Anaita Mke

Hapa Luchelele, pembezoni mwa jiji la Mwanza, wengi hushikilia kwamba chura huita mvua. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na nasema anaita mke, tena kwa hesabu kali kuliko ya muuza dagaa wa Kirumba.

Hesabu hiyo huanzia kwenye ngozi. Chura hanywi maji kwa mdomo. Huyafyonza kwa ngozi, na kwa ngozi hiyohiyo maji humtoka hewa inapokauka. Anayeita ni dume. Hujaza mapafu, hufunga mdomo na pua, kisha husukuma hewa ipite kooni hadi kwenye kifuko kinachovimba chini ya kidevu. Hurudia hivyo mara nyingi mno kwa usiku mmoja, na nguvu humwisha. Usiku mkavu wa Julai, upepo ukivuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, dume anayepanda juu ya tete na kuita atapoteza maji na nguvu kwa pamoja. Bora anyamaze.

Oktoba vuli ikikaribia, mambo hugeuka. Vyura wa matete, wadogo wa sentimita 3 hivi, huanza milio yao mikali na myembamba, na wenzao wenye mistari mgongoni hujibu kutoka majanini: kwip! kwip! Unyevu hauokoi ngozi zao tu. Hewa kavu humeza sauti nyembamba upesi, yenye unyevu huiacha isafiri. Na usiku shwari, ardhi ikipoa, hewa ya baridi hulala chini na ya joto hukaa juu yake. Sauti iliyokuwa ipae hupindishwa kurudi chini. Mpangaji wangu, aliyehamia kutoka Dodoma, huniuliza vyura wangu watanyamaza lini, kana kwamba nawafuga.

Sasa mvua. Usiku ziwa hubaki na joto kuliko nchi kavu. Pepo kutoka kando zake hukutana juu ya maji, hewa hupanda, na mara nyingi radi hutuamsha alfajiri. Unyevu humfikia chura kabla ya tone la kwanza. Nilimweleza hivyo mzee jirani baada ya kumwamkia, naye akanijibu, "Sasa mwalimu, si ni yaleyale?" Karibu yawe yaleyale. Lakini chura hajui kitakachokuja. Anajua tu kwamba hewa ya sasa inamfaa.

Joto nalo lina lake. Mwili wa chura hufuata joto la mahali alipo, hivyo misuli yake hupiga haraka usiku wa joto na kuzubaa kukiwa na baridi. Wanafunzi wangu huhesabu milio kwa saa ya simu, na tofauti huonekana wazi. Linalonifurahisha zaidi ni jike. Watafiti wa vyura wa mitini wa Marekani walikuta kwamba jike aliyepoa huchagua mlio wa polepole, na aliyepata joto huchagua wa haraka. Wakipoa, wanapoa wote wawili, na bado wanaelewana.

Yupo mmoja asiyejali unyevu wa hewa anapoita. Mwaka 1924 Mjerumani Ernst Ahl alimwelezea kisayansi chura wa majini mwenye kucha, kwa vielelezo vya Busisi, hapo linapotua daraja jipya. Hana ulimi wala kifuko cha sauti; huita chini ya maji kwa mlio wa kugonga unaotoka kooni, bila kupuliza hewa.

Lakini joto lenyewe linaongezeka duniani. Huko Puerto Rico, mtafiti Peter Narins na mwenzake walirudia vipimo vya milio ya vyura baada ya miaka 23. Vyura wa mlimani walikuwa wadogo zaidi, milio yao mifupi na ya juu zaidi, na kila aina ya mlio ilikuwa imepanda mlima pamoja na joto. Kwetu nahofia zaidi mvua za kwanza zinazodanganya. Madume huita usiku mzima, majike hutaga kwenye madimbwi ya majaruba, kisha jua kali la wiki mbili linakausha dimbwi kabla viluwiluwi havijaota miguu.