Tumpe Mama Muda wa Kumbeba Mtoto Kifuani



Usiku wa Goma una baridi. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi za hapa Mabanga ni za mbao, upepo unapenya. Mtoto aliyezaliwa leo bado hawezi kujitunzia joto, hasa yule aliyezaliwa kabla miezi haijatimia. Akipoa, anakosa nguvu za kunyonya, na anaweza kufariki upesi.

Wengine wetu huingiza mbabula chumbani. Tuache. Hewa ya sumu itokayo kwenye makala haina harufu, na katika nyumba iliyofungwa inaua mama na mtoto pamoja.

Joto salama liko kifuani. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu. Alazwe wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi. Kisha afungwe kwa kikwembe asiteleze. Hata mtoto aliyetimiza miezi awekwe hivyo mara tu anapozaliwa, na kuogeshwa kusubiri saa 24.

Njia hii ilianzishwa mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia. Kuvezi hazikutosha, ndipo Daktari Edgar Rey Sanabria akawarudisha watoto wadogo kwenye vifua vya mama zao. Lakini tusidhani ni dawa ya maskini tu. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Naijeria na Tanzania, uliotangazwa mwaka 2021, ulihusu watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Kati ya waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vilipungua kwa robo kuliko kwa wale waliongoja kwanza hali itulie.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtoto mdogo akae kifuani saa 8 hadi 24 kila siku. Hapo ndipo penye kazi. Kifua hakinunuliwi, lakini muda wa mama una bei. Nani atachota maji? Nani atapika? Nani atauza sokoni ili watoto wakubwa wale? Mama wengi wanajua faida ya kumbeba mtoto hivyo, ila njaa ya nyumbani inawaamsha.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kizungumze jambo hili wiki hii. Mwenzetu akijifungua mtoto mdogo, tugawane zamu: mmoja alete bidoni za maji, mwingine apike, mwingine afue. Tuliozoea likelemba tunajua kupeana zamu.

Wababa nao wasikae pembeni. Kifua cha baba kina joto lilelile, na mama aliyepasuliwa anahitaji kupumzika. Bibi pia anaweza kupokea.

Mtoto akikataa kunyonya, akihema haraka, akiwa na macho ya manjano, au miguu ikibaki baridi hata akiwa kifuani, mkimbizeni kituo cha afya mara moja. Njiani pia akae pale pale, kifuani.