Maziwa ya Batsinda na Ukame wa Nyagatare

Mkazi wa Batsinda, pale Kinyinya, akitazama vilima vya Kigali vilivyojaa kijani, hana sababu ya kujiona jirani wa nchi kavu. Lakini sehemu kubwa ya maziwa yanayonywewa jijini humu hutoka Nyagatare, na ndizi nyingi hutoka Kirehe na Ngoma. Mkoa huo wa Mashariki ukikauka, bei hupanda hata kwa mtu asiyemiliki shamba wala ng'ombe.

Ukavu haupimwi kwa mvua peke yake. Wataalamu huchukua mvua ya mwaka na kuigawa kwa kiasi cha maji ambacho jua na upepo vingeweza kukinyonya kutoka ardhini na kwenye mimea. Jibu likiwa chini ya 0.65, eneo huingia kwenye kundi la nchi kavu. Tambarare za upande wa Akagera hupata mvua ya milimita 700 hivi hadi 900 kwa mwaka. Si haba, lakini jua hudai zaidi ya hapo, na mvua yenyewe hukatika katikati ya msimu, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mwaka 2016 wakazi wa Kayonza na Kirehe waliyaona hayo kwa macho yao.

Ubaya huongezeka udongo ukiachwa uchi. Matone hupiga uso wake hadi unaganda, maji yanakosa pa kuzama, yanateremka na rutuba. Mti hupunguza kasi ya matone, majani yake huoza na kulegeza udongo, mizizi hufungua njia za maji. Hapo mvua ileile, bila kuongezeka hata tone, hulisha mmea kwa siku nyingi zaidi.

Kwenye jinsi ya kuirudisha miti ndipo mabishano yalipo. Mfano ninaoupenda ni wa Shinyanga, Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Badala ya kutegemea miche tu, ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yasiguswe wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Visiki na mbegu zilizokuwa bado hai ardhini zilichipua zenyewe. Baada ya miaka kama kumi na mitano, ngitili zilikuwa zimefunika zaidi ya hekta 300,000.

Je, tuihamishie Nyagatare? Hapana, si kama ilivyo. Ngitili ilihitaji ardhi pana na mabaraza ya kijiji yenye nguvu ya kumtoza faini mvamizi. Rwanda shamba la kawaida halifiki hekta moja, na kila kipande kina hati ya mwenyewe. Huku mti lazima uishi ndani ya shamba: kwenye kingo za matuta, kwenye mipaka, pembeni mwa zizi, ukitoa lishe ya mifugo, kuni au matunda. Mradi wa TREPA, unaofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, umelenga kurejesha hekta 60,000 katika Mkoa wa Mashariki, na kilimo mseto cha miti ni sehemu kubwa ya kazi yake. Ni njia sahihi, ingawa ni ya polepole na haipendezi kwenye picha za uzinduzi kama foleni ya watu wenye miche mikononi.

Lengo la taifa ni kubwa zaidi: mwaka 2011 Rwanda iliahidi kurejesha hekta milioni 2. Takwimu za miche iliyopandwa zisitutoshe. Ukisomewa idadi hiyo redioni, uliza mingapi ilikuwa hai baada ya miaka mitatu, na kama mkulima aliyeitunza ana ruhusa ya kuivuna.