Daktari Styner wa Jumatatu Usiku

Muuguzi akitazama tamthilia ya hospitali haangalii sura za watu, anaangalia mikono. Nimestaafu baada ya miaka mingi katika wodi ya wazazi hapa Tanga, na tabia hiyo haijaniacha. Nikiona mwigizaji kavaa koti jeupe anapima mapigo ya moyo kwa kidole gumba, siwezi kunyamaza. Kidole gumba kina mapigo yake chenyewe! Utahesabu ya kwako, mgonjwa afe. Wanangu wameshanifukuza sebuleni kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo walishangaa mjukuu wangu aliponifungulia Medic kwenye simu nami nikatulia kimya. Ni tamthilia ya Kimarekani, haina rangi, nusu saa kila kipindi. Kituo cha NBC kilianza kuirusha Septemba 13, 1954, na kufikia 1956 ilikuwa imekwisha. Vipindi 59 tu. Siku hizi kuna tamthilia za madaktari zinazofika miaka ishirini, mpaka daktari kijana wa mwanzo anakuwa babu kazini.

Aliyeibuni ni James Moser, mwandishi aliyetokea kwenye Dragnet, ile michezo ya kipolisi iliyojivunia kufuata kesi za kweli. Hospitalini akaingia na tabia ileile. Chama cha madaktari cha Los Angeles kilikagua miswada yake, na picha zilipigwa katika hospitali halisi, madaktari na wauguzi wenyewe wakiwamo. Mtu wa kazi hii analiona hilo mara moja. Hakuna haraka za uongo, hakuna daktari wa kukimbia koridoni huku akipiga kelele. Wala hakuna mashine inayolia kando ya kitanda. Kuna vidole, saa ya mkononi na faili.

Zama zile bomba la sindano lilikuwa la kioo. Niliyakuta mabomba hayo nilipoanza kazi. Ukishamchoma mgonjwa unalitenganisha, unalisuuza, unalichemsha, kisha unalitoa kwa koleo na kulipanga kwenye trei. Kazi ilikuwa kuoanisha: kila bomba na pampu yake. Ukichanganya, pampu inakwama, au inalegea na dawa inavuja nyuma, na sista mkuu anakusubiri mlangoni. Waliosomea uuguzi juzi, wa kufungua pakiti na kutupa, nikiwasimulia wanadhani natania.

Msimulizi wa Medic ni Daktari Konrad Styner, aliyeigizwa na Richard Boone. Boone hakuwa mzuri wa sura kama madaktari wa televisheni waliokuja baadaye. Uso wake umekwaruzika, sauti nzito, anazungumza nawe kama daktari bingwa anayepita wodini asubuhi. Vipindi vingine yeye ndiye anayetibu. Vingine anatutambulisha kisa tu, kisha anakaa pembeni.

Na visa vyenyewe havikuwa vya kuchekesha. Cha kwanza kabisa kinamhusu mama mjamzito mwenye saratani ya damu, na madaktari wanahangaika kumfikisha siku ya kujifungua. Mama huyo ni Beverly Garland. Mumewe ni Lee Marvin, kabla dunia haijamjua. Kingine cha 1955 kina kijana Dennis Hopper akiigiza mwenye kifafa. Hicho kilinigusa, maana nimeona mtu anaanguka sokoni na watu wazima wanarudi nyuma, eti povu lake linaambukiza. Nikadhani woga huo ni wetu peke yetu. Kumbe.

Sasa fikiria mzigo huo ulirushwa lini: Jumatatu saa tatu usiku, saa ileile ambayo kituo cha CBS kilikuwa na I Love Lucy, kichekesho kilichokuwa kimeiteka Marekani nzima. Mtu ametoka kazini amechoka. Huku Lucy anavunja vyombo, kule Styner anaeleza saratani. Wewe ungechagua nini? Mimi mwenyewe, nikitoka zamu ya usiku enzi zile, ningemchagua Lucy bila aibu.

Lakini Lucy si sababu pekee ya Medic kuisha mapema. Ukweli huohuo uliowafurahisha madaktari uliwaudhi wengine. Kipindi kilichokuwa kionyeshe upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni kiliondolewa baada ya Kanisa Katoliki kule New York kupinga. Kwangu mimi hilo ni jambo la ajabu, maana upasuaji huo tuliufanya usiku na mchana na hakuna padri aliyewahi kutuuliza.

Muziki wake ulidumu kuliko tamthilia: wimbo wa Victor Young, Blue Star, ulipendwa mpaka Uingereza mwaka 1955. Boone akahamia kwenye farasi na bastola katika Have Gun – Will Travel. Moser alirudi hospitalini mwaka 1961 na Ben Casey, safari hii daktari akiwa kijana mwenye mvuto, na tamthilia ikadumu miaka mitano. Alijifunza, nadhani.

Vipindi kadhaa vya Medic bado vinapatikana kwenye intaneti. Anza na kile cha kifafa. Kile cha bomu la atomiki, kiitwacho Flash of Darkness, ambamo madaktari wanachagua nani atibiwe kwanza na nani asubiri, kitazame mchana, na watoto wawe nje wanacheza.