Je, Wajua? Alizeti Ina Ndugu Jangwani

Ua la alizeti si ua moja! Vile vitu vidogo vilivyojazana pale katikati, kila kimoja ni ua kamili, na kichwa kikubwa huweza kubeba zaidi ya 1,000. Lisogeze karibu na macho ujionee: kila mbegu imetoka katika ua lake.

Na je, wajua ukoo huu wa alizeti una spishi zaidi ya 25,000? Umeenea kila bara isipokuwa Antaktika.

Sogea hapa, hii ndiyo tamu zaidi. Lodwar hupata milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka, ilhali Kericho hupita 1,500. Lakini ukoo wa alizeti hauogopi ukame kama huo wa Lodwar: nchi kavu zenye mawe, kuanzia Afrika hadi Uarabuni na India, ndiyo makao ya Kleinia, jenasi yenye spishi zaidi ya 40. Huweka akiba ya maji ndani ya mashina au majani yake manene. Kiangazi kikikaza, nyingi hupukutisha majani, na shina la kijani huendelea kujipikia chakula! Ua lake nalo kwa kawaida halina petali za pembeni, utadhani alizeti iliyonyolewa.

Unajua jamaa wa karibu wa Kleinia yuko wapi? Mlima Kenya! Jamaa huyo, Dendrosenecio, humpita mtu mzima kwa urefu, na majani yake yaliyokauka hayaanguki: hulifunika shina usiku wa baridi kali.

Umewahi kula chakula cha Kihabeshi pale Kakuma? Nug, mbegu nyeusi ambazo Waethiopia huzikamua mafuta, ni za ukoo huu. Pareto ya kuua mbu pia! Kuna miaka Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto ya dunia nzima.

Na vidonge vya malaria vya AL ulivyopewa zahanatini? Dawa mojawapo ndani yake hutokana na artemisinini, na hiyo hutoka kwa Artemisia annua, ndugu mwingine wa alizeti. Tu Youyou wa China, aliyeigundua artemisinini, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015.

Mvua ikinyesha nawe uko kwenye zile kilomita 120 hivi za Lodwar hadi Kakuma, chungulia katikati ya mawe uitafute Kleinia. Ila usitafune usichokijua, wala usimpe mtoto: baadhi ya jamaa wa Kleinia wana sumu inayoharibu ini.